Sharti la Mlangoni

Baba yako alikuwa akija. Kila sikukuu ya Mfungo Mosi na kila sikukuu ya Mfungo Tatu, miaka kumi na moja, alikuwa akija kutoka Wambaa mpaka mlangoni kwetu hapa Tibirinzi kukutazama, na miye ndiye niliyekuwa nikimrudisha.

Haya, nimesema. Sasa nikusalimu. Assalamu alaykum, Khamis mwanangu, na rehema za Mungu juu yako. Ningeanza na salamu ningepata pa kuzungukia, ningekuuliza habari, ningekusifu, ningejisifu, na karatasi ingekwisha hilo halijatoka. Miye najijua.

Umekwenda Chake kuagana na watu, umesema utarudi kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa mbele ili niandike. Jirani kashapita mara mbili anagonga, anauliza kama naumwa, maana Bi Time hafungi mlango mchana. Nimemjibu humu ndani kwamba nafanya hesabu. Kasema, "Ehe, mtoto kampa mama maradhi yake."

Herufi hizi usizicheke. Msahafu nilisomeshwa na mwalimu, lakini hizi za skuli nilijifundisha mwenyewe, kwa kuchungulia daftari lako wakati ulipokuwa ukilala kifudifudi sakafuni kuandika na miye nikishona kofia pembeni. Sijui mwanamke mwingine hapa mtaani aliyejifundisha hivyo. Si kujisifu. Basi, ni kujisifu.

Mambo ya sweta na baridi na chakula gani ule na gani usile, umeshaambiwa na mjomba wako Juma, ambaye hata Unguja kafika mara mbili tu. Sitayarudia. Miye nataka kukuambia yale niliyoyakosea.

Yameanza wiki iliyopita, siku ile uliyokaa karibu yangu kwenye baraza la nyuma nikakuuliza, "Hebu niambie miye, huko Uingereza unakwenda kusoma nini hasa? Watu wananiuliza, na miye nawajibu 'makubwa', na sasa hilo neno limechakaa."

Ukacheka. Ukasema, "Nakwenda kusoma jinsi vitu vizito vinavyovuta vitu vingine, mama."

"Kama ng'ombe na gari?"

"Kama dunia na nazi."

"Nazi huanguka. Hilo hata mbuzi analijua."

Ukasema mbuzi analijua lakini hakuliandikia hesabu. Hesabu zipo, ukasema, zimeandikwa tangu hujazaliwa, ila ni za ukaidi, maana zinakubali majibu mengi mno. Ukiziuliza anga likoje karibu na kitu kimoja kizito, zinakupa majibu chungu nzima, mpaka kwanza useme kule mbali kabisa, kule ambako uzito wa kile kitu umefifia ukaisha, pakoje. Ukishapafunga pale ukingoni, ndipo katikati panapotulia na jibu linabaki moja.

Nikaweka sindano chini. Nikakwambia, "Khamis, hiyo si ni kofia!"

Ukadhani natania. Nilikuwa sitanii. Mshonaji mjinga huanza kuchora ukanda wa kofia mbele, penye paji la uso, kwa sababu ndipo watu wanapotazama. Huenda kulia, huenda kushoto, anafurahi, viua vyake vizuri. Akifika nyuma, pale ncha mbili zinapokutana, anakuta nakshi imefika nusu upande huu na robo upande ule, na hapo hakuna sindano ya kuiponya. Mwenye akili huanza nyuma. Anapima kichwa, anachora kwanza mahali pa kukutania, ndipo anagawa nakshi zake kuja mbele. "Hao wazungu wamelijua hilo lini?" nikakuuliza.

"Bado wanabishana, mama."

"Waambie waje Tibirinzi."

Kisha ukachukua kile kiduara cha juu, ambacho nilikuwa sijakiunga na ukanda, chenye nakshi ya majani manane. Ukaniamrisha nifumbe macho, halafu nifumbue. "Nimekigeuza au sikukigeuza?" Ukanieleza kwamba hapo kila mtu hushindwa, kwa sababu ukikizungusha kwa jani moja au mawili kinabaki kile kile, na jambo hilo nyinyi mnaliita ulinganifu, na mwenye kuujua ulinganifu wa kitu kashajua nusu ya hesabu zake.

Nikakwambia, "Umekigeuza majani mawili, kwa kulia."

Uso wako ulivyokuwa, natamani ungejiona. Nikakuonesha pale ninapoanzia uzi, kifundo kidogo kama yai la chawa. Hakuna anayekijua duniani ila miye. Ukakigusa kwa kidole, halafu ukanisimulia barua ya yule mwalimu wako mpya wa huko Uingereza: kwamba kule mbali kabisa, ambako hakuna kilichobaki, wataalamu walitarajia kukuta migeuzo michache tu isiyobadilisha kitu, wakapiga hesabu wakakuta haina mwisho. Kila upande wa anga unaweza kusogezewa wakati wake peke yake, na hesabu hazikatai.

"Kama adhana," nikasema. "Msikiti huu unatangulia, ule wa ng'ambo unachelewa kidogo, na alasiri ni ile ile."

Ukanitazama sana. "Mama, ulikuwa usome wewe."

"Ningesoma miye, wewe ungezaliwa na nani?"

Siku ile nilikuwa na furaha, Khamis. Usiku nilitamani niamshe jirani nimhadithie. Lakini kabla hatujaondoka pale barazani ukaniambia na lile jengine. Kuna nyota, ukasema, ipo ndani ya hesabu tu na hakuna aliyeiona bado, nzito mno hata ikajiporomokea yenyewe ndani kwa ndani, mwanga wake usiweze kutoka. Nikakuuliza, "Na sisi tulio mbali tunajuaje kama imeporomoka?"

"Ikiwa ni mviringo sawasawa pande zote, kwa mvutano wake hujui. Nje uzito ni ule ule. Vilivyokuwa vikiizunguka kwa mbali vitaendelea kuizunguka kama jana."

Hapo ndipo sindano iliponiingia kidoleni, ukasema ni macho yangu, niende hospitali nikapimwe. Macho yangu mazima.

Sasa nisikilize, maana hili hujapata kuambiwa na mtu. Unajua kwamba miye na baba yako tuliachana ukiwa na miaka mitatu. Hujui kwa nini. Tuliachana kwa kofia.

Nilikuwa bibi harusi mpya pale Wambaa, mgeni, binti wa mjini Chake, na nilikwenda na sifa zangu. Nikasema kwa kila mtu: sikukuu hii mtaona kofia. Nikaianza mbele. Miye, ninayewacheka wenzangu leo, nikaianza mbele, kwa haraka ya kuonesha. Nyuma nakshi hazikukutana. Nikaziba kwa viua vidogo vidogo nikadhani hakuna atakayeona. Baba yako akaivaa, miaka akaivaa. Siku moja ya sikukuu, wewe umeshazaliwa unakimbia, kakaa barazani na wenzake, mmoja akaiona kisogoni akasema, "Kombo, huko nyuma mkeo alisinzia?" Na baba yako akacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la mkate wa kumimina. Nikasikia akisema, "Mbele kashona yeye, nyuma nimeshona miye." Watu wote wakacheka.

Ndilo hilo. Hakunipiga, hakunitukana, hakuoa juu yangu. Alicheka na wenzake. Nikaweka sinia, nikakubeba, nikarudi kwetu. Alikuja kunifuata, nikakataa. Akatuma wazee, nikakataa. Mwisho nikamsukuma mjomba wako Juma aidai talaka mpaka ikatoka, na baba yako aliiandika huku analia, Juma mwenyewe kaniambia.

Akaanza kuja sikukuu kukuona. Nikamwekea sharti. Ataingia, nilimwambia, ila kwanza asimame barazani Wambaa, mbele ya wale wale waliocheka, aseme kwamba alikosea na kofia ile haina aibu.

Akasema, "Time, nilicheka tu. Nilicheka kwa kuipenda."

"Kaipendee huko huko Wambaa."

Alikuwa anakuja na kofia ile ile kichwani. Kila sikukuu. Miye niliona ananikejeli. Nimekaa miaka ishirini bila kufikiri kwamba pengine aliivaa kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kutoka kwangu.

Nilimwambia umekwenda uwanja wa sikukuu. Nilimwambia umekwenda Wete kwa shangazi yangu, na miye sina shangazi Wete. Mara mbili ulikuwa chumba cha pili unavaa kanzu mpya huku unaimba, na miye nikawa nakohoa mlangoni ili asikusikie. Na wale ng'onda wa sikukuu, wakavu wazuri, unaowasifu mpaka leo, hukuletewa na mjomba Juma. Juma hajui hata ng'onda anakaushwa vipi. Ulikuwa unakula samaki wa baba yako na kumwombea dua mjomba.

Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza, "Mama, baba hanitaki?" Nikakujibu, "Miye nakutaka kwa niaba ya watu wawili." Nikaona nimejibu! Nimelisimulia jibu hilo harusini na misibani, na wanawake wakisema, Bi Time ana ulimi. Nikilikumbuka sasa nasikia haya mwili mzima, maana hukuuliza kama miye nakutaka.

Mwaka uliofaulu kwenda skuli ya Unguja alikuja Mfungo Tatu kama kawaida yake. Ulikuwa umeshaondoka siku kumi kabla. Nikamwambia, "Hayupo, yuko Unguja kusoma." Akaniangalia, akatikisa kichwa, akaweka ng'onda chini. Hakuja tena. Miaka kumi na moja nimemwambia uongo akarudi. Siku niliyomwambia kweli ndiyo siku aliyochoka kuniamini.

Mwaka juzi ulipokutana naye mazikoni, nilihadithiwa kwamba ulimpa mkono kama unavyompa karani wa forodha, ukapita. Nilifurahi. Nakuandikia hilo pia. Mama yako alifurahi.

Kwa hiyo wiki iliyopita, uliponiambia kwamba aliye mbali hupata uzito wa kitu bila kujua ndani kuna nini, nilikuona wewe. Umeubeba uzito wa baba yako tangu mtoto, kamili, haukupungua hata chembe, na ndani yake hukupata kuona kitu. Miye ndiye niliyeuzuia mwanga.

Na nilijiona na miye. Tangu ulipokwenda Unguja, kisha Kampala, watu hunipita wakiuliza, "Hujambo, Bi Time?" Nawajibu, "Sijambo," na sauti ni ile ile, kofia zinatoka zile zile, hata kadhi kavaa ya kwangu. Mtu akinitazama kwa nje hakuna kilichopungua. Hawajui kwamba ninapika wali wa watu wawili kisha ninakula wa nusu ya mtu. Hawajui kwamba redio ya jirani inasikika ukutani, na msomaji habari akisema "wasikilizaji wapenzi", miye hujibu "naam". Siku nyingine hiyo "naam" ndiyo maneno yangu ya kutwa nzima. Nilikuwa nakuficha kwa sababu nilitaka usome kwa raha, na pia kwa sababu nilitaka uone mama yako hahitaji mtu. Sijui lipi lilitangulia. Siku hizi wazee wanasikitika kwamba watu hawaalikani tena kwa ajili ya vyama vya siasa, hata mazikoni mtu anatazama nani kaja. Miye nilianza kufunga mlango kabla ya vyama.

Jana nilipokwambia nakwenda kwa mgonjwa Mtambile, sikwenda. Nilipanda gari nikaenda Wambaa.

Nilimkuta uani anasuka dema la kuvulia samaki, kazungukwa na fito. Kazeeka, Khamis. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyeniona kwanza. Kajishika kiuno. "Karibu, Bi Time. Umepotea njia au umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi kaa. Aliyepotea ndiye husimama."

Nikampenda papo hapo, na sikutaka kumpenda. Akaniletea maji. Baba yako akaendelea kusuka kama hakuniona, mpaka akaliuliza dema, si miye, "Kijana mzima?"

"Mzima. Anasafiri. Anakwenda Uingereza."

"Kusoma nini?"

"Kusoma uzito."

"Uzito wa nini?"

"Wa kila kitu."

Akanyanyua uso. "Sasa huo mtu ausomee Ulaya? Si wangenipa miye gunia la karafuu nimtwishe?" Bi Mize akacheka, na miye nikacheka. Kicheko kile kile, Khamis. Kilikuwa hakina ubaya hata kidogo.

Nikamwambia nataka kusimama barazani, mbele ya wale wale waliocheka, niseme kwamba aliyekosea ni miye. Akasema, "Wale wale? Time, wale wamekufa. Kabaki Mzee Faki, na hasikii." Nikasema na aitwe Mzee Faki. Akaja kwa fimbo yake, mtoto kamshika mkono. Nikasimama mbele yake, watu wa jirani wamekusanyika, nikapaza sauti kwamba siku ile ya sikukuu walipoicheka kofia yangu niliondoka kwa kiburi, na nimemnyima Kombo mwanawe kwa ajili ya kiburi hicho, na naomba radhi.

Mzee Faki akageukia watu. "Anasema nini?"

Wakamwambia masikioni.

"Kofia gani?" akasema. "Ya nani? Kwani miye niliicheka kofia?"

Hakumbuki. Hakuna mtu Wambaa anayekumbuka ila miye na baba yako. Sharti lile nililolishikilia miaka yote lilikuwa limebaki kwangu peke yangu, hata wa kulitimizia hayupo. Nilikaa chini pale pale mchangani nikalia, na Bi Mize akawafukuza watoto.

Sikufundishi kitu, mwanangu. Wewe umesoma kuliko miye na kuliko wote ninaowajua, na hilo nitalisema mpaka nizikwe. Ila huko unakokwenda utakuwa peke yako, na mtu akiwa peke yake huanza kuweka masharti. Fulani akinisalimu kwanza nitamjibu. Fulani akiandika kwanza nitaandika. Miye nayajua hayo, yana utamu, unajiona una heshima. Kisha siku moja unazungumza na ukuta.

Utauliza kwa nini nisikwambie mdomoni. Nilijaribu juzi, ukiwa unapiga pasi suruali. Nikasema, "Khamis," ukasema, "Labeka mama," nikakuuliza kama umeona kibiriti. Na ningeweza kunyamaza mpaka ufike huko, nikuandikie ukiwa mbali, pasipo kuniona usoni. Nimeona huo ungekuwa mlango mwengine ninaufunga. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi leo, nami nitakaa barazani mpaka umalize. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie tukiwa nyumba moja.

Nimemwalika baba yako aje kukuaga, na aliniuliza jambo moja tu wakati naondoka. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, mikono yake nyuma, akasema, "Akinikataa mbele ya binti zangu?" Nikamwambia jibu si langu, na safari hii sitamjibia mtu. Akasema, "Basi nitakuja hivyo hivyo."

Kwa hiyo sikuombi umkumbatie. Ukitaka umpe mkono ule wa mazikoni, mpe, ni haki yako, na hasira yako inifikie miye niliyeifuga. Lakini ujue ukimpa, unampa mtu aliyekuja mara ishirini na mbili, tena kwa miguu mwaka gari lilipokuwa halipo. Ujue na hilo ndipo uamue.

Ninalo tamanio moja na nitalisema, maana miye si mtu wa kuficha sifa wala tamaa: nataka akuulize yeye mwenyewe hizo habari za uzito, umjibu taratibu kama ulivyonijibu miye, na miye niwe jikoni nasikiliza.

Mchele nimeshauchagua, kuku wawili Juma kaleta. Gari lako la Mkoani ni saa nne na meli haingoji, kwa hiyo nimewaambia wawahi. Anakuja baba yako na Bi Mize, na dada zako wawili, Asha na mdogo wake, ambaye kafanana na wewe paji la uso mpaka nilishtuka. Anakuja mjomba Juma. Anakuja na Mzee Faki, ambaye bado hajaelewa ni shughuli ya nini, ila kasikia kuna kuku. Mlango wa mbele na wa nyuma yote nitaiacha wazi tangu alfajiri. Mungu akuhifadhi huko na huku, akurudishe ningali na macho ya kukujua kwa mbali, ni miye mama yako Time, nisiye na mwengine wa kujivunia. Wote wanakuja kesho, Jumapili, saa mbili asubuhi.